Dodoma, Andika

Habari za kifo cha Gervas zilinikuta nachambua mchele. Simu ilitetemeka mezani, nikaifuta vumbi la pumba na kutazama. Lilikuwa kundi letu la wastaafu wa posta. Kulikuwa na jina lake, neno "ametutoka", na picha ya viganja viwili vilivyounganishwa. Sijamaliza kusoma, viganja vingine vikaanza kupangana chini yake, pole, poleni, apumzike kwa amani. Nami nikabonyeza viganja vyangu, vikaenda kukaa kwenye foleni pamoja na vya wenzangu, nikarudi kwenye ungo. Baada ya muda nikagundua kwamba nilikuwa natupa punje nzima na kubakiza mawe.

Tulimzika Ihumwa, kwenye kiwanja alichohamia baada ya kuacha kazi mjini. Reli mpya inapita si mbali na pale, na treni ya umeme ilipopita wakati padri anaomba, haikuleta kelele tuliyoizoea, ilileta upepo tu ukainua kona ya turubai. Kijana mmoja wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu. Alisema mzee aliwahi kufanya kazi posta, akapunguzwa, kisha akajishughulisha na kilimo na ufugaji wa kuku. Sentensi moja, kisha magonjwa yake. Binti aliyekaa kiti cha pembeni yangu, mjukuu wake anayesoma chuo kikuu, aliniinamia. "Shikamoo bibi. Samahani, eti babu alikuwa anafanya nini hasa huko posta? Yaani delivery?" Nikamwambia alikuwa anapeleka simu. "Simu? Hizi za mkononi?" Nikamwambia hapana, za karatasi. Alicheka kwa adabu, akadhani namtania, na watu wa kugawa chakula walipofika akaninawisha mikono kwa utaratibu mzuri sana. Nilikula ugali na nyama kama watu wengine. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiurudia ule mwaka mmoja, mwaka ambao nilikuwa na umri kama wa binti yule, nikakaa katika chumba cha telegramu cha posta ya Dodoma, mpaka chumba chenyewe kikafungwa.

Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya ukumbi wa kuchambulia barua, na ukuta uliotutenga na ofisi ya postamasta ulikuwa wa mbao, kiasi kwamba akikohoa tulijua kama ni kikohozi cha vumbi au cha kutafuta la kusema. Dirisha lilitazama uani, mahali magunia ya barua yaliposhushwa kutoka stesheni. Meza ilikuwa moja, ndefu, imefunikwa zulia la plastiki la kijani lililochomwa hapa na pale na lakiri ya moto. Juu yake kulikuwa na simu mbili nyeusi, mashine ya taipu, mhuri na kisahani cha wino. Harufu ya gundi na lakiri iliingia kwenye nguo zangu, na mwenye nyumba wangu kule Majengo, Mama Hadija, alisema akinifulia kanga anajua ni yangu hata akiwa amefumba macho.

Mkuu wa chumba alikuwa Bi Sechelela, mama mnene, mjane, mwimbaji wa kwaya, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Ofisi ndogo za wilayani zilitupigia simu na kutusomea telegramu za watu wao, sisi tukaziandika, tukazirudia kwa sauti neno kwa neno, tukazipiga taipu, mhuri, kisha zikaingia kwenye kisanduku cha kupelekwa mitaani. "Hapa huna jina," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe ni Dodoma. Yule ukimsikia anapumua kama ana mafua ni Manyoni. Yule mwenye haraka ni Kongwa. Mpwapwa ana sauti nzuri lakini anapenda mazungumzo, usimpe nafasi." Akanifundisha kutaja herufi, M kama Morogoro, T kama Tabora, na kwa kuwa hakuna aliyepata mji wenye kuanza na Y, sote tulisema Y kama Yohana. Nilizizoea zile sauti kabla sijazijua sura, na nyingine sikuzijua sura mpaka leo. Mpwapwa akianza alisema, "Dodoma, andika," nami nikajibu, "Nasubiri." Hata salamu tulipeana kwa majina ya miji.

Mchana Bi Sechelela aliisukuma taipu pembeni kwa nyonga, akafungua bakuli lake la bati lililofungwa kitambaa. Ugali wa uwele, na mlenda uliotiwa karanga mpaka ukawa mzito. Alileta wa kutosha watu watatu bila kuambiwa, mimi, yeye, na Gervas tarishi, ambaye aliingia na mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kamba ili usishikwe na mnyororo wa baiskeli. Tulikula matonge machache, kisha umbea wa ukumbini ukaanza. Msimu wa zabibu ndio uliokuwa na vituko. Watu wa Makutupora walituma zabibu kwa ndugu zao wa Dar kwa kifurushi, na juu ya boksi wakaandika "vitabu" kwa sababu matunda yalikuwa yamekatazwa. Zikifika kwetu zimeshaanza kutoa maji, ukumbi mzima unanuka mvinyo, sisimizi wamepanda mpaka kwenye vishubaka vya barua za wabunge. Postamasta alisimama mlangoni akauliza vitabu gani hivi vinavuja. Gervas akamjibu kwa sauti ya chini kwamba huenda ni vya mashairi. Nilicheka mpaka mlenda ukanipalia. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu baada yake zilipita siku nyingi sana kabla sijacheka tena.

Telegramu zilikuwa za kila namna, mbegu zimefika, nimefaulu, harusi imesogezwa mbele, lakini zilizotawala zilikuwa za misiba. Ya kwanza niliyopokea ilikuwa ya mtoto wa mtu wa Manyoni. Niliandika nusu, machozi yakadondoka kwenye karatasi. Bi Sechelela hakunikaripia. Alichukua mkono wa simu, akamwomba Manyoni asubiri, akaniwekea karatasi mpya. "Ile imelowa," akasema. "Andika nyingine. Ukilia wewe, yule anayesubiri atasubiri zaidi." Nikaandika. Ya pili sikulia. Ya tatu, sikumbuki. Kufikia miezi ya kiangazi nilikuwa naweza kuuliza "Amefariki kwa A moja?" huku nikitazama dirishani kama muuza maandazi ameshafika. Watu wazima wanasema moyo hufa ganzi, na mimi nadhani ganzi yenyewe haina siku ya kuingia. Ni kama mguu ulioukalia. Umekaa vizuri tu, unazungumza, na hujui mpaka ujaribu kusimama.

Gervas hakuwa hivyo, na sijui alijilinda vipi, kwa sababu yeye ndiye aliyeziona nyuso. Mji wote uliijua baiskeli yake nyekundu. Akipita Majengo, wanawake walisimama na masufuria mikononi wakisubiri aipite nyumba yao, na akishaipita walipumua kwa sauti. Kanuni ilisema afike, asainiwe, aondoke. Yeye hakukabidhi telegramu ya msiba getini hata mara moja. Aliomba kiti, aliomba maji, aliuliza nani yuko nyumbani, na kama mtu alikuwa peke yake alimwita jirani kwanza. Kisha aliuliza kama wameshakula. Kama bado, alikaa wakapika. Malalamiko ya ucheleweshaji yakafika kwa postamasta, nasi tukayasikia kupitia mbao, Bi Sechelela akiwa ameacha kutafuna ili asikose neno.

"Gervas, telegramu ni kitu cha haraka. Watu wanalipia haraka."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa nyumba moja unakaa mpaka jua linageuka?"

"Mzee, aliyekufa ameshakufa. Hana pa kwenda. Aliye hai ndiye anayeweza kuanguka."

Postamasta alikohoa, kile kikohozi cha kutafuta la kusema, kisha akamwambia basi ajitahidi.

Mwaka ule ule ndipo maneno ya mabadiliko yalipoanza. Mwanzoni yalikuwa ya chini chini. Kwamba posta na simu, vilivyokuwa shirika moja tangu sisi hatujazaliwa, vitatenganishwa, kila kimoja kijitegemee. Kwamba Dar wameshaanza kutumia kompyuta. Wakaja mabwana wawili waliovaa tai, wakapima chumba chetu kwa utepe, urefu na upana, nasi tumekaa humo humo kama viti. Mmoja alimwuliza Bi Sechelela kama ukuta wa mbao unaweza kuondolewa. Akamjibu, "Nyumba ni yenu, wanangu." Kisha kompyuta yenyewe ikaja, ikawekwa ofisini kwa postamasta, ikafunikwa kitambaa cha maua, na kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kufunikwa. Ikaja na mashine ya faksi. Gervas aliiona ikitema karatasi kutoka Dar, mwandiko ule ule wa mtu wa Dar, akasimama akaiangalia mpaka ikanyamaza. Alitoka, akajaza upepo baiskeli.

Sitaeleza habari za nyumbani kwetu. Ilikuwa nyumba kama nyingine, kijijini, ng'ambo ya Gulwe kwa anayetokea Dodoma, na nilikuwa na baba na mama. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa kupita kawaida. Mto ulikula tuta la reli huko upande wa Gulwe, treni zikasimama, na magunia ya barua kutoka pwani yakasimama nazo. Uani kwetu hapakushushwa kitu. Vishubaka vikabaki vitupu, wachambuzi wakacheza bao kwa vizibo vya soda. Lakini waya za simu zilikuwa zimeshikilia, hivyo kila aliyekuwa na neno la haraka alilileta kwetu. Tulifanya kazi mpaka masikio yakauma.

Siku moja katika hizo Bi Sechelela alikuwa kwenye simu ya pili na Kongwa. Yangu ikalia, akawa Mpwapwa.

"Dodoma."

"Mpwapwa, nakupata."

"Mvua huko?"

"Ipo tu."

"Huku tunaogelea. Haya, Dodoma, andika. Ya msiba."

"Nasubiri."

"Kwenda kwa Nyemo Malogo. N kama Njombe, Y kama Yohana, E, M kama Morogoro, O."

Niliandika. Niliandika kila herufi kwa zamu yake, kama jina nililolisikia kwa mara ya kwanza, Njombe, Yohana, Morogoro. Akanipa anwani, kwa Mama Hadija, nyuma ya soko, Majengo. Niliandika. Kisha akasoma maneno yenyewe: mama amefariki njoo, baba.

"Rudia, Dodoma."

Nikarudia. Jina, anwani, mama amefariki njoo, baba. Sauti yangu haikutetemeka, na najua hivyo kwa sababu niliisikiliza. Mpwapwa akasema sawa sawa, ipo nyingine, nikaiandika na ile nyingine pia, mtu anamjulisha kaka yake kwamba mbegu za karanga zimepatikana. Nikazipiga taipu zote mbili. Nikazigonga mhuri, nikaziweka kisandukuni, ya karanga juu. Muuza maandazi akapita dirishani, nikamwita, nikanunua, nikaweka mezani.

Gervas aliingia kuchukua mzigo wa mchana. Alikuwa na desturi ya kuzipanga kwa mitaa huku amesimama. Alipofika kwenye yangu mikono ikasimama. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akanitazama.

"Nipe kalamu nisaini," nikamwambia. "Ni yangu."

"Anwani inasema Majengo."

"Kaka Gervas, mimi ndiye niliyeiandika."

"Najua. Aliyeandika ni Dodoma. Hii ni ya Nyemo." Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. "Nenda nyumbani. Utanikuta."

Bi Sechelela alikuwa ameshaweka mkono wa simu chini. Alinyoosha mkono, Gervas akamwonyesha telegramu, kisha akaja akanivua mkoba wa begani ambao sikujua nimeshauvaa, akanivalisha vizuri. "Nenda, mwanangu. Laini zote nitashika mimi." Nilitembea mpaka Majengo. Njiani nilinunua nyanya kwa kuwa asubuhi nilipanga kununua nyanya, na nikachagua zile ngumu. Nilipofika, baiskeli nyekundu ilikuwa imeegeshwa ukutani, Mama Hadija amewasha moto, na majirani wamekaa kwenye mkeka wakijifanya wamekuja kwa jambo lingine. Gervas alinyanyuka akanipa kigoda.

"Umekula?"

"Sina njaa."

"Sikuulizi habari za njaa."

Mama Hadija akaniletea wali na maharage. Nikala, nao wote wakinitazama, mpaka sahani ikaisha. Ndipo Gervas aliposimama, akakunjua mguu wa suruali uliobanwa, akaweka shati sawa. "Nyemo," alisema, "nina simu yako kutoka Mpwapwa." Alisema kana kwamba mimi sijui. Akanipa, nikaisoma kana kwamba sijui, nikasaini mahali aliponionyesha. Mama Hadija akanikumbatia mabega, na wanawake wakaanza kulia, wengine kwa Kigogo, wengine kwa lugha za kwao. Niliwasikia wakimlilia mama yangu. Niliona ni vizuri, kwamba wanafanya kama inavyotakiwa. Mimi sikuwa na chozi. Gervas alikaa kwenye kigoda kile nilichokiacha, mkoba wake umejaa simu za watu wengine, wala hakuonekana kuwa na haraka.

Treni hazikuwepo. Nilikwenda kwa lori la mahindi kwa njia ya kuzunguka, tukakwama kwenye tope, tukalala njiani, nikafika wameshamzika. Nilikaa kwenye mkeka na shangazi zangu matanga yote. Nilipewa chakula nikala, niliambiwa nilale nikalala. Baba alikaa nje na wanaume, tukitazamana alikuwa kama anataka kusema jambo, kisha mtu mwingine anaingia na salamu zake za "mbukwenyi", naye anageuka kumwitikia. Tuliagana kwa kushikana mikono. Nilirudi Dodoma, nikaingia chumbani, Mpwapwa akapiga, "Dodoma, andika," nami nikajibu kwamba nasubiri. Hakujua. Kwake sikuwa na jina.

Miezi ikapita ambayo naweza kuisimulia kwa maneno machache. Reli ilitengenezwa. Magunia yakarudi. Ukuta wa mbao ukang'olewa, na ilikuwa ajabu kumwona postamasta akikohoa badala ya kumsikia. Siku moja alituita wote ukumbini akasoma majina ya watakaopunguzwa. Alisoma taratibu, na kila jina aliweka "ndugu" mbele yake. Ndugu Sechelela. Ndugu Gervas. Telegramu zingeondolewa, alisema, kwa kuwa zama zimebadilika. Jina langu halikusomwa. Baadaye aliniita pembeni akaniambia mimi ni kijana, nitapelekwa kujifunza kompyuta, nishukuru Mungu. Nikashukuru. Sikuhisi furaha wala aibu. Nilimwangalia Gervas akirudisha baiskeli ya ofisi. Aliifuta vumbi, akaijaza upepo magurudumu yote mawili, akaiegemeza ukutani kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mgonjwa, akaondoka kwa miguu. Bi Sechelela aliniuliza tu kama chai bado ipo kwenye birika.

Sisemi kwamba ya zamani yalikuwa bora. Nimekaa posta mpaka kustaafu, nimeyaona mabadiliko yakija moja baada ya jingine, nami nimeyafurahia kwa namna yangu. Niliwaona watu wakiacha kuandika barua, nikaona vishubaka vikibomolewa kupisha kaunta za vioo. Nimeona foleni za vijana wakifuata vyeti vya kuzaliwa na pasi za kusafiria kwenye dirisha lile lile tulilouzia stempu. Siku hizi nyumba yangu ina kibao chenye namba na jina la mtaa, na kijana wa vifurushi akifika hupiga simu, "Mama, nipo getini," na anakuwa ameshaondoka kabla sijavaa kandambili. Ni vizuri. Mtu wa kijijini kwetu leo hatembei kutwa nzima kwenda Mpwapwa ili mwanawe ajue amefiwa. Anabonyeza. Najua pia kwamba hakuna anayemwuliza mwanawe kama amekula.

Siku ya mwisho ya chumba kile tulikuwa wawili, mimi na Bi Sechelela, yeye akipanga fomu tupu kwenye maboksi ambayo hakuna aliyetuambia yanapelekwa wapi. Mafundi walikuwa nje juu ya ngazi wakishughulikia waya, na walitutahadharisha kwamba muda wowote laini zitakufa. Tuliagizwa kuaga vituo vyote. Manyoni alivuta mafua akasema kwaheri. Kongwa alikuwa na haraka. Mpwapwa nikamwacha wa mwisho, kwa kuwa anapenda mazungumzo.

"Basi ndiyo hivyo, Dodoma," alisema. "Mimi nami wamenipunguza. Nitarudi kulima. Wewe?"

"Mimi nimebaki."

"Vizuri. Sasa tumeongea miezi yote hii, nami sijui naongea na nani. Unaitwa nani hasa?"

"Nyemo Malogo."

Laini ikakwaruza tu. Nikadhani mafundi wameshakata.

"Subiri," akasema. "Nyemo Malogo wa Majengo? Binti wa yule mzee wa ng'ombe?"

"Mzee gani wa ng'ombe?"

"Mungu wangu. Kwa hiyo siku ile nilikusomea wewe mwenyewe. Na ukanirudia yote." Nilimsikia akivuta kiti. "Dadangu, pole. Pole sana. Mbona hukusema?"

"Sikujua niseme nini. Ng'ombe gani?"

"Baba yako alikuwa na maneno mengi. Alisimama dirishani kwangu amelowa, anachanganya Kigogo na Kiswahili. Watu wote huwa wanakata maneno kwa sababu ya bei, unajua, na yeye alikubali kukata yote isipokuwa moja. Alitaka niandike kwamba ng'ombe wa mama yako, yule mwenye baka usoni, amezaa. Kumbe ng'ombe alikuwa na shida ya kuzaa, na mama yako kitandani alikuwa anamwulizia yeye kila saa. Walipomwambia amezaa salama alisema 'vizuri,' akageukia ukutani akalala. Ndiyo ikawa basi. Mzee akasema mwanangu lazima ajue hilo. Nikamwambia mzee, hii ni ya msiba, ng'ombe haingii. Akang'ang'ania dirisha. Akasema basi weka neno moja tu, amezaa. Nikamwambia mzee wangu, nikiandika 'mama amefariki amezaa njoo,' huyo mtoto atapata wazimu kabla hajafika stesheni."

Nilicheka. Kilitoka chenyewe, kikubwa, kibaya, kama mtu anayepaliwa, nami nikaushika mkono wa simu kwa mikono yote miwili. Mpwapwa kule naye akaanza kucheka, kisha akaacha, kwa kuwa huku kwangu kicheko kilikuwa kimeshageuka kuwa kitu kingine. Bi Sechelela aliinuka na rundo la fomu mikononi. "Kuna nini? Nyemo! Kuna nini tena?"

"Ng'ombe amezaa," nikamwambia.

Alinitazama juu ya miwani. Aliweka fomu chini, akavuta kiti chake akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana, akasubiri nimalize. Nilipoirudisha simu sikioni ilikuwa imekufa.

Jumamosi nilipanda treni mpaka Gulwe, nikatembea. Baba alikuwa zizini anakamua. Ng'ombe mwenye baka alikuwa amesimama kwa utulivu, na ndama, ambaye sasa alikuwa mkubwa kiasi cha kusumbua, alikuwa amefungwa kamba pembeni akilalamika. Zizi liko hatua chache kutoka mlango wa mama. Nilikuwa nimekaa pale matanga yote wala sikuwa nimemwona.

"Huyu ndiye?" nikauliza.

Baba hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Mtu wa Mpwapwa."

"Yule!" Akaacha kukamua. "Nilimwambia aandike, akakataa. Nilirudi njia nzima nimekasirika. Nikasema utakapokuja nitakwambia mwenyewe, ukaja, nikakuona ulivyokaa, nikashindwa nianzie wapi."

Nikachuchumaa karibu yake. Akamimina maziwa ya jana kutoka kwenye kibuyu kilichokuwa pembeni, akanipa kata mkononi, akakaa kunitazama. Yalikuwa baridi, mazito, yana ladha ya moshi wa kibuyu kilichofukizwa. Nikanywa yote, nikaomba tena.